Jembe kwenye Msumari

Vwinga, Jumatatu 11 Septemba 2000

Nimefika saa nne asubuhi, nyuma ya lori la mbao kutoka Butembo. Kilometa kumi na nane kwa saa mbili na nusu. Njia ya kusini imefungwa tena kabla ya Kirumba. Madereva wengine wanasema wanamgambo wa Mai-Mai wameweka magogo, wengine wanasema ni askari wenyewe. Sijahakikisha. La hakika ni kwamba tangu wiki jana chumvi, sabuni, dawa na magazeti vyote vinashuka kwa ndege hapa Vwinga. Mkuu wetu wa redio kaniambia, "Nadège, habari zinakuja na ndege. Nenda uzingoje kule." Nitazingoja mpaka mvua zikatike.

Nalala kwa Mama Léa, mjane, kiongozi wa akina mama saba wanaofyeka nyasi za uwanja. Alinipokea mlangoni kwa salamu ya Kinande.

"Wavukire, mama wa redio. Weye unapika ao unasema tu?"

"Nasema tu."

"Bon. Utachagua maharagi pale unasema."

12 Septemba

Nimepanda mnarani. Ni kibanda cha mbao juu ya nguzo nne za mkaratusi, ngazi ya vipandio kumi na kimoja, dirisha lisilo na kioo. Ndani mna redio ya kuongea na marubani, inayotumia betri ya lori, kiti, daftari la ndege, na msumari wa inchi sita juu ya redio. Mwongoza ndege ni Phinées Lusenge, miaka arobaini na sita, mtu wa Beu kule Beni, shemasi katika kanisa lao. Alisomea kazi yake Kinshasa kabla ya vita. Siku za ndege huvaa shati jeupe, siku nyingine la buluu. Mashati yenyewe ni hayo mawili.

Piste, kama wote wanavyoiita njia ya kurukia ndege, ni ya udongo, mita elfu moja na mia moja, na katikati ina nundu. Kutoka mnarani unaiona nusu ya kwanza. Nusu ya pili iko nyuma ya nundu, na akina mama wakiwa huko wakifyeka au kuzibua mitaro, hakuna anayewaona, wala Phinées wala rubani.

Kwa hiyo wana desturi yao. Kabla ya kuingia kwenye piste, Mama Léa hupanda vipandio vyote kumi na kimoja na kutundika jembe lake kwenye msumari. Jembe likiwa pale, hakuna ndege inayopewa ruhusa. Wakimaliza, anahesabu wenzake, anapanda tena, analichukua. Aliyelitundika ndiye anayelitoa.

"Na siku ukisahau?" nikamuuliza Phinées.

"Nitasahau," akasema. "Kila mutu anasahau. Njo maana niko na musumari."

15 Septemba

Mvua kutwa. Hakuna ndege.

20 Septemba

Uwanja unashikwa na Komanda Abdias kwa niaba ya waasi. Ana miaka thelathini hivi, buti zake hazilingani, na anasoma karatasi yangu ya safari huku midomo ikitembea kama mtoto wa darasa la pili. Hapendi redio yetu na hakunificha.

"Kazi yako ni kuuliza, mama. Na yangu ni kuuliza. Tutaona nani atachoka mbele."

Nimechagua maharagwe. Mama Léa amesema nimeacha mawe matatu. Nimeyahesabu: manne.

27 Septemba

Leo nimeona jembe likifanya kazi. Saa tano kasoro dakika kumi ndege iliita, ndani wakiwamo wakubwa watatu wa Abdias kutoka Beni. Jembe lilikuwa msumarini. Phinées akamwambia rubani azunguke. Ndege ikazunguka mara moja, mara mbili. Abdias akapanda ngazi na bunduki begani, akipumua.

"Juu ya nini haishuke?"

"Bamama bako kwa piste, Afande."

"Siwaone."

"Hata miye sibaone. Naona jembe."

"Toa hii jembe."

Phinées hakuinuka. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mbali na kipaza sauti. "Afande, ile jembe haina yangu. Na haina yako. Ni ya Mama Léa."

Abdias akanyoosha mkono kuelekea msumari. Phinées akasema taratibu, kama anayemwambia mtu viatu vyake vina tope: "Ukiitoa, njo weye utasema na rubani. Miye nashuka." Mkono ukarudi.

Mama Léa akatokea nyuma ya nundu na wenzake sita, wote wakitembea mwendo wa kutoka ibadani. Ndege ilizunguka mara nne. Alipofika mnarani akamsalimu Abdias, akachukua jembe lake, akamwuliza kama wakubwa wake wamekula. Wale wakubwa walishuka wakiwa wametapika.

3 Oktoba

Ndege mbili. Ile inayokwenda Beni ikipaa, Phinées humwambia rubani maneno machache zaidi ya yanayohitajika. Nimemwuliza ni nini.

"Namuambia asalimie Beu."

Mkewe, Bénite, yuko huko. Rubani ni Mrusi, hajui Beu ni kitu gani. Hujibu ndiyo kila mara.

9 Oktoba

Mzee Éliakim, jirani yetu wa upande wa chini, hainuki tena kitandani. Mama Léa amempelekea uji. Mvua imeanza saa saba.

Jumamosi 14 Oktoba

Naandika kwa mpangilio wa saa, kama ninavyoandika habari nyingine yoyote.

Saa moja na nusu, Mama Léa alitundika jembe. Akina mama saba wakaingia kwenye piste.

Saa mbili na dakika arobaini mvua ilipiga kwa nguvu. Akina mama wakakimbilia hangari ya mizigo. Niliwaona kupitia dirisha la mnara, wamesimama chini ya mabati na mifuko kichwani. Jembe lilibaki msumarini.

Saa tatu, Phinées alishuka kwenda kuleta betri nyingine kutoka nyuma ya hangari. Aliniachia kiti. "Dakika kumi. Redio ikiita, usiijibu. Uniite." Ndege ya siku hiyo ilitazamiwa saa nne.

Saa tatu na dakika tatu hivi, Timothée, mtoto wa mzee Éliakim, alipanda ngazi akiwa ameloa. Baba yake alikuwa amekufa alfajiri. Walikuwa wanachimba kaburi, udongo umejaa mawe, majembe mawili yalikuwa yamevunjika mpini na mengine yako mashambani. Alisimama mlangoni, akaliangalia jembe. Hakuliomba. Alisema tu, "Tunakosa jembe, mama."

Kwetu jembe la kaburi halinyimwi. Sijawahi kuona mtu akilinyima, wala sikujua maneno ya kulinyimia.

Nilitazama dirishani. Mvua ilikuwa imepungua, ukungu umeanza kupanda. Chini ya mabati niliona watu. Nikasema moyoni, wametoka kwenye piste, wako pale. Kwa miaka ishirini na minne nimehesabu watu kwenye mikutano, kwenye maziko, kwenye malori. Wale sikuwahesabu. Walikuwa wabeba mizigo. Akina mama walikuwa wamerudi nyuma ya nundu dakika chache kabla, na Mama Léa hakupanda tena ngazi, kwani jembe lake, kwa jinsi alivyojua, lilikuwa bado limetundikwa.

Nikalitoa. Nikampa.

Kisha, kwa kuwa mtu hapewi jembe la kaburi kama anapewa kiberiti, nilishuka naye kwenda kutoa pole. Niliwaza: nikirudi nitamwambia Phinées. Ni mwendo wa mita mia sita. Nilikaa na wafiwa, nikashika mikono yao.

Saa tatu na robo nilisikia mlio. Ndege ilikuwa imewahi kwa dakika arobaini na tano. Nilisimama katikati ya wimbo.

Nilikimbia. Ninaloandika sasa nimelipata kwa walioona. Phinées alirudi na betri, akaiunganisha, na redio ikaita papo hapo. Akaangalia msumari: wazi. Akatoa ruhusa. Ndege ilikanyaga udongo vizuri, ikapanda nundu, na ng'ambo yake wakawa akina mama saba. Rubani aliivuta kushoto. Gurudumu liliingia mtaroni, bawa likavunjika kwenye ukingo. Eliane, mdogo kuliko wote, aliganda pale alipokuwa ameinama. Mama Léa alimsukuma, kisha mwenyewe akaangukia mtaroni. Mguu wake wa kushoto umevunjika chini ya goti. Hakuna aliyekufa. Wafanyakazi wa ndege watatu wazima. Magunia arobaini ya chumvi, kumi na mawili yamepasuka, na mvua ikarudi juu yake.

Nilipofika Phinées alikuwa amembeba Mama Léa mgongoni. Shati jeupe lilikuwa na tope mpaka kolani. Abdias akamwuliza nani aliyeita ndege ishuke.

"Miye," akasema. "Nilimupa ruhusa."

Wakamchukua.

Jembe lilitoka mkononi mwangu. Hilo hakuna aliyeliuliza, na sikulisema.

15 Oktoba

Mzee Éliakim kazikwa. Sijasema.

16 Oktoba

Nimempelekea Mama Léa chakula kwenye kituo cha afya. Mguu umefungwa vipande vya mbao. Anasema wali wangu una mawe. Sijasema.

17 Oktoba

Phinées amefungwa ndani ya kontena pembeni mwa uwanja. Abdias ametangaza kwamba Jumamosi atapelekwa Beni kwa hukumu ya kijeshi, kwa kosa la kuwatumikia Mai-Mai na kutaka kuvunja ndege ya utawala. Nimeshaandika habari za watu watatu waliopelekwa Beni kwa kosa la namna hiyo. Sijaandika habari ya hata mmoja aliyerudi.

Mlinzi aliniruhusu dakika tano. Nje ya mlango, limeegemezwa ukutani, kulikuwa na jembe la Mama Léa. Limeoshwa, limekauka, linang'aa. Nilisimama mbele yake bila kujua niangalie wapi.

"Timothée aliirudisha jana," Phinées akasema kwa ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. "Ameiosha, ameileta kwa mukono, akasema wasingya, asante. Njo desturi. Alisema pia nimushukuru mama wa redio."

Basi alikuwa anajua tangu jana.

"Nilikuwa nakuja kukuambia," nikasema.

"Ungeniambia. Ndege ilikuya mbele ya weye."

"Nitamwambia Abdias leo."

"Hapana." Alisogea karibu na mwanya. Alikuwa na shati lile lile. "Sikiliza, mama. Musumari ulikuwa wazi, na miye niliangalia musumari tu. Sikutuma mutu kwa nundu. Sikuuliza. Kosa niko nayo. Weye ukijitaja, batakuua juu ya maneno ya redio, hapana juu ya jembe. Abdias anatafuta njia toka zamani."

"Na wewe?"

"Miye niko na Mungu na Bénite." Akafikiri. "Bénite hajajua. Usimutumie habari na dereva. Madereva banaongeza."

Niliandika habari za vita nikijua mashujaa ni watu wanaosimuliwa na waliobaki. Huyu alikuwa anaona aibu kwa sababu ya kola yake chafu. Aliniomba sabuni.

18 Oktoba

Nimeanza na aliyeumia, na bakuli la uji mkononi. Nilimwambia Mama Léa yote, kwa mpangilio wa saa. Alinisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza alitazama mguu wake muda mrefu.

"Ulituhesabu?"

"Hapana."

"Weye. Unayehesabu mawe ya maharagi."

"Ndiyo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kwa adabu.

"Na Éliakim, alizikwa muzuri?"

"Alizikwa vizuri. Kaburi lilikuwa refu."

"Basi jembe ilifanya kazi yake, na weye haukufanya yako." Akanyoosha mkono. "Leta ule uji. Kisha uende kwa Abdias, mbele ya batu kuanza kumulilia Phinées angali muzima. Na usivae kama unaenda kufa. Funga kitambaa muzuri."

19 Oktoba

Ofisi ya Abdias ni chumba cha shule, na ubao bado una hesabu za kugawanya. Nilimweleza. Alitikisa kichwa mapema kabla sijafika katikati.

"Mama, unamupenda ule mwanaume?"

"Ana mke Beu."

"Sikukuuliza iko na nini."

"Ninakuambia nililofanya."

"Unaniambia uongo muzuri. Balikufundisha kusema kwa redio." Akasimama. "Timothée nimemuita. Ameogopa, anasema hajui kitu. Jembe ya kaburi ilitoka kwa nani, anasema kwa batu. Donc niko na mwanaume mwenye anakubali kosa, na mwanamuke mwenye anamutetea. Nitaandika nini kwa rapport?"

Kwa miaka ishirini na minne watu wameniamini nikiwaeleza mambo yaliyofanywa na wengine. Mara ya kwanza kueleza langu, siaminiki. Nimefikiri mpaka jioni. Nina shahidi mmoja tu aliyeandika siku ile ile, nalo ni daftari hili. Yamo na mengine yasiyompendeza. Nikichana kurasa atasema nimetengeneza. Kesho asubuhi nitampelekea lote.

24 Oktoba

Daftari limerudi. Amekaa nalo siku nne. Jumamosi ilipita, na lori la Beni liliondoka bila Phinées. Hatukuambiwa sababu.

Leo nimeitwa. Daftari lilikuwa mezani, limefungwa, na karanga juu yake. Abdias alinionyesha kiti cha mwanafunzi. Magoti yangu yaligusa kidevu.

"Nimesoma yote," akasema. "Unaandika maneno madogo kama mayai ya chawa."

Akamenya karanga.

"Midomo yangu inatembea kweli?"

"Ndiyo, Afande."

Aliifunga midomo, akaifungua. "Nilisoma mpaka darasa la nne. Kisha vita." Akala karanga. "Ukurasa wa tarehe kumi na ine, ningesema umeuandika juzi. Mutu anaweza. Lakini kuko ule wa Septemba. Tarehe makumi mbili na saba. Ile siku nilisema atoe jembe. Nilikuwa na bunduki, na bakubwa balikuwa kwa ndege. Alikataa."

"Alikataa."

"Niliisahau ile siku. Hapana, sikuisahau. Nilikasirika, nikaiweka mbali." Alisukuma daftari kwangu. "Mutu mwenye anakataza miye kutoa jembe hawezi kuitoa peke yake ili avunje ndege ya chumvi. Na hawezi kusema ni weye, juu iko mutu wa namna ile. Hii nimeiandika kwa bakubwa. Balijibu leo."

Phinées anarudi mnarani. Wakubwa hawana mwingine anayeweza kuongea na marubani. Huenda hilo lilikuwa na uzito kuliko kurasa zangu, na ni haki niliandike.

"Na mimi?"

"Weye bakubwa balitaka kukutuma Beni. Nilisema hapa kuna mustari wa nyasi wenye hauna mutu." Hakutabasamu. "Utafyeka mustari wa Mama Léa mpaka mvua ikatike. Kila siku. Kama ukitoroka, nakuja kukutafuta kwa miguu, na buti zangu hazilingane. Nitafika nimekasirika."

Ukurasa wa tarehe 14 una alama ya kidole chenye mafuta ya karanga, karibu na neno *sikuwahesabu*.

26 Oktoba

Nimetuma habari Butembo kwa dereva, imesomwa redioni saa kumi na mbili na nusu. Sentensi ya mwisho: aliyetoa jembe ni mwandishi wa habari hii. Mkuu wangu alitaka kuiondoa. Nilimtumia neno: akiiondoa, aondoe na jina langu.

30 Oktoba

Malengelenge tisa, mkono wa kulia sita. Eliane anafyeka mistari miwili wakati mimi nafyeka nusu.

"Mama Nadège, hapana kukamata fyekeo kama kalamu."

2 Novemba

Mvua. Tumezibua mitaro.

7 Novemba

Phinées amebadilisha utaratibu. Msumari upo, jembe lipo, lakini sasa Eliane husimama juu ya nundu na kikwembe cha manjano, kipande cha kitenge. Jembe likitoka, Phinées humtazama Eliane. Kikwembe kikiinuka juu, ndipo hutoa ruhusa.

Nilimwuliza kama hauamini tena msumari.

"Nauamini," akasema. "Lakini nilikuwa nauamini ule peke yake."

Hajanitajia siku ile hata mara moja. Sabuni niliyompelekea kwenye kontena amenirudishia, kipande kipya.

11 Novemba

Bénite amekuja na lori kutoka Beni, na kuku wawili na shati jeupe jipya. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Nilimwambia mwenyewe kwamba ni mimi. Alisema alisikia redioni akiwa sokoni Beu, amesimama na nyanya mkononi.

Kisha akachukua mikono yangu, akaigeuza.

"Hii mikono haijalima toka wakati gani?"

"Tangu niende shule."

Akapasua ukingo wa kitambaa chake, akanifunga kiganja kimoja, kisha kingine, polepole, fundo likae mgongoni mwa mkono lisisugue mpini. Hakusema amenisamehe. Alisema nisiloweshe kwa siku mbili.

18 Novemba

Ndege tatu. Jembe limepanda na kushuka mara tatu.

25 Novemba

Nafyeka mstari mzima. Mama Léa ametoka kituoni na mkongojo. Ameketi chini ya mnara, anatukosoa kwa sauti inayofika mpaka nundu.

3 Desemba

Nimepika maharagwe. Mama Léa kamaliza sahani, kanyamaza. Nadhani ni sifa.

Jumamosi 9 Desemba

Mvua zinakaribia kukatika. Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Tulikusanyika chini ya mnara, na jembe lilikuwa mapajani mwa Mama Léa. Tangu aumie, wenzake wamekuwa wakilitundika kwa zamu, na zamu yangu wameiruka kila mara. Sikuwahi kuuliza.

Mama Léa alinipa mpini.

"Peleka."

"Mimi?"

"Miye siwezi kupanda. Na bengine bamechoka kuogopa weye."

Vipandio kumi na kimoja. Phinées alikuwa na shati jipya. Nikatundika jembe. Alilitazama, akanitazama, akaandika saa kwenye daftari lake: saa moja na dakika ishirini na tano. Pembeni aliandika jina langu.

Tulifyeka nyuma ya nundu mpaka saa tatu. Ukungu haukuinuka. Saa tatu na dakika kumi nilisikia mlio. Mara hii nilikuwa upande mwingine wa msumari. Huoni mnara huko. Huoni chochote ila nyasi, mgongo wa mwenzako, na manjano ya Eliane kule juu. Mlio ulikuja moja kwa moja, ukakua, ukapita juu yetu. Nikasimama wima. Ndege ikazunguka ikarudi, sasa karibu zaidi. Wenzangu hawakuinua hata kichwa.

"Mama Nadège," akasema aliye karibu yangu, bila kuacha kufyeka, "inama. Umeiweka, ao haukuiweka?"

"Nimeiweka."

"Bon."

Nikainama. Nilimaliza mstari wangu mpaka mwisho. Ndege ilizunguka mara tano.

Kisha tulitoka. Kwenye nundu nilisimama nikawahesabu, kwa kidole, kwa sauti. Sita pamoja nami, wa saba Eliane na kikwembe chake. Nikawahesabu tena. Walisimama wakaacha nihesabu mara ya tatu, na hakuna aliyecheka.

Nilipanda ngazi. Phinées alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, mbali na kipaza sauti. Redio ilikuwa inalalamika Kirusi.

"Saba," nikasema. "Wote nje." Nikalitoa jembe.

Alitazama msumari. Akatazama dirishani, akangoja mpaka kikwembe cha manjano kikainuka katika ukungu. Ndipo akanitazama mimi.

"Asante, mama," akasema, akachukua kipaza sauti.